Mapigo ya moyo yasomwe hadi Kakesio
Moyo unaodunda ovyo hauna miadi: huvurugika leo, ukatulia siku mfugaji wa Kimaasai wa kijiji cha Kakesio anapofika Hospitali ya Endulen. Ndiyo maana saa ya mkononi, inayomulika ngozi kwa taa ya kijani na kufuata damu inavyopwita, inafaa zaidi huku kuliko mjini. Inamsindikiza machungani usiku na mchana bila kumsumbua. Wapo wanaoamini Wamaasai hawaihitaji, kwa kuwa mtafiti George Mann wa Marekani aliwapima Tanganyika na mwaka 1964 akaandika kuwa mioyo yao ni imara. Lakini uchunguzi wake wa maiti, uliochapishwa mwaka 1972, ulikuta mafuta kwenye mishipa yao; kilichowanusuru ni upana wa mishipa hiyo.

Hoja nzito zaidi dhidi ya saa hizi ni usahihi. Mwaka 2020 watafiti wa Michigan walionyesha kuwa kipimo cha kidoleni cha oksijeni, ambacho nacho hutumia mwanga kama saa hizi, kilikosea kwa wagonjwa weusi karibu mara tatu zaidi ya weupe. Hilo halitufanyi tuzikatae saa hizi. Linatutaka tuzipime kwanza kwenye ngozi zetu, na Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete inaweza kuongoza kazi hiyo.