Kabla ya kulipia fulana, uliza zitachapwaje

Ukiwa Ngao na kikundi chenu kinataka fulana za mashindano, unaijua safari: bodaboda hadi Garsen, na kazi ikiwa kubwa, matatu hadi Malindi. Mzigo unafika, mnavaa, mnapiga picha. Baada ya kufuliwa mara tatu jina la kijiji linaanza kubanduka. Letu lilibaki "NGA". Na pesa zilikuwa za mchango.

Tulimlaumu mwenye duka, lakini tuseme ukweli: sisi hatukuuliza chochote ila bei.

Yetu ilikuwa vinaili. Herufi hukatwa kwenye plastiki nyembamba, zikabandikwa kwa mashine ya joto. Kwa jina na nambari mgongoni iko sawa, ila ikibandikwa harakaharaka, matokeo ndiyo hayo. Uchapaji wa skrini ni kitu kingine: wino husukumwa kupitia fremu yenye kitambaa cha matundu madogo, kila rangi na fremu yake. Kutayarisha fremu kuna gharama, kwa hivyo fulana tano zitakuumiza mfuko. Zikiwa hamsini za rangi moja, bei ya kila moja inashuka, na wino ukikaushwa vizuri kwa joto unadumu.

Halafu kuna sublimesheni, ambayo wino wake hugeuka mvuke ukaingia ndani ya uzi. Huo haubanduki, ila unataka poliesta, tena nyeupe au ya rangi hafifu. Kwa jezi, safi. Lakini kushinda ndani ya poliesta kwa jua la Garsen? Wee! Mimi ni pamba na skrini.

Mabango nayo yana hesabu yake. Ukitaka ishirini, nenda dijitali. Ofseti hutengenezewa pleti kwanza, na gharama hiyo inaleta maana ukichapa mamia au maelfu.

Na jamani, wacha kutuma nembo kama picha ya WhatsApp. Inabanwa, kisha ikikuzwa inatoka na ukungu. Itume kama dokumenti, na kwa kawaida iwe na nukta 300 kwa inchi kwa ukubwa itakaochapwa. Usishangae pia ile kijani kali ikipoa: simu huchanganya mwanga, mashine huchanganya wino.

Omba fulana moja ya majaribio. Ifue, ianike, ivute kidogo. Salio litume baadaye.