Minyoo ya kondoo: hasara isiyoonekana mnadani

Bei ya kondoo mnadani hupangwa kwa macho na mkono. Mnunuzi humpapasa mgongo, humtazama mkia, hupatana na mwenye mali, kisha hulipa. Ni wachache wanaofunua ukope wa chini wa jicho kabla ya kutoa fedha. Hapo ndipo mtaji wa wengi unapopotea.

Mnyoo unaoongoza kwa hasara Afrika Mashariki, hasa majira ya mvua, ni Haemonchus contortus. Hukaa katika tumbo la nne na kunyonya damu. Mmoja hunyonya takriban mililita 0.05 kwa siku. Kiasi hicho ni kidogo, lakini minyoo 1,000 huondoa mililita 50 kila siku kwa kondoo wa kilo 30, ambaye damu yake yote ni kama lita 2. Aidha, mnyoo jike hutaga maelfu ya mayai kwa siku. Kukiwa na joto na unyevu, baada ya takriban wiki moja minyoo michanga huwa imepanda kwenye nyasi, tayari kumezwa.

Kondoo wa namna hii si lazima aharishe. Jicho hupauka, chini ya taya huvimba maji, halafu mali hufa njiani kabla ya kufika machinjioni.

Jibu la wafugaji wengi ni kununua dawa na kunywesha kundi zima mara kwa mara. Huonekana kuwa ni uangalifu, lakini kibiashara ni kula mtaji. Dawa ya thiabendazole iliingia sokoni mwaka 1961. Kufikia 1964, minyoo ya kondoo isiyokufa kwa dawa hiyo ilikwisharipotiwa Marekani. Sababu yake ni rahisi: kondoo wote wakinyweshwa, minyoo inayosalimika ni ile sugu tu, nayo ndiyo inayozaliana. Kipimo pungufu, kinachotokana na kukisia uzito, huleta balaa hilo hilo.

Afrika Kusini yapo mashamba ambako makundi yote makuu ya dawa yalishindwa. Huko ndiko ilikobuniwa, katika miaka ya 1990, kadi ya FAMACHA yenye rangi tano, kuanzia nyekundu hadi nyeupe. Mfugaji hulinganisha rangi ya ndani ya ukope na kadi, kisha hunywesha wale waliopauka tu. Fedha ya dawa hupungua, na minyoo isiyo sugu hubaki malishoni kuizidi ile sugu.

Mbegu nayo ina uzito wake. Utafiti uliofanyika Diani, pwani ya Kenya, katika miaka hiyo hiyo ulionyesha kuwa kondoo mwekundu wa Kimasai huhimili mnyoo huu kuliko Dorper. Dorper ni mkubwa na hupendwa sokoni. Hata hivyo, mwekezaji anayempeleka kwenye malisho yenye unyevu, kwa kuvutiwa na kilo zake tu, ananunua na gharama ya matibabu.

Wapo watakaosema kuwa mizani ni ghali kwa mfugaji mdogo. Ni kweli, lakini kikundi cha wafugaji kinaweza kuchangia mmoja. Pasipo mizani, kipimo kifuate kondoo mzito kuliko wote katika rika lake. Kondoo wapya watengwe na kutibiwa kwa ushauri wa daktari wa mifugo kabla ya kuchanganywa na wenyeji, maana minyoo sugu husafiri na mali. Anayekusudia kuuza nyama asubiri siku zilizoandikwa kwenye chupa.

Mnunuzi naye ana nguvu. Siku atakapofunua jicho la kondoo na kuuliza alinyweshwa nini na lini, ndipo mfugaji atakapoona faida ya kuandika. Mali bila daftari hupotea bila habari.