Cheti cha Ukutani Hakitoshi

Benki na chuo cha lugha vinafanana kwa jambo moja: vyote viwili hupokea fedha zetu leo kwa ahadi ya kesho. Benki yaahidi kwamba amana itapatikana tutakapoihitaji. Chuo chaahidi kwamba kijana atajua Kijerumani cha kumfikisha Ujerumani. Sisi wananchi wa Nyalenda hatuna dirisha la kuchungulia ndani. Twaona cheti ukutani chenye nembo ya serikali, nasi twaamini. Basi aliyekitoa cheti hicho naye ana deni kwetu.

Wazee wetu hawajasahau jinsi Trade Bank ilivyoanguka mwaka 1993 na Pan African Bank mwaka 1994. Hata hivyo funzo kubwa zaidi lilikuja tarehe 13 Oktoba 2015, Benki Kuu ilipoifunga Imperial Bank. Siku hiyo hiyo, hati za mkopo za benki hiyo zenye thamani ya shilingi bilioni 2 zilitarajiwa kuanza kuuzwa katika Soko la Hisa la Nairobi, kwa idhini ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji. Wasimamizi wawili, benki moja, na siri iliyokaa miaka mingi vitabuni! Ilifichuka baada ya mkurugenzi mkuu kufariki mwezi wa Septemba, wakurugenzi wenzake walipopeleka habari wenyewe Benki Kuu. Bawabu aliamshwa na watu wa nyumbani.

Tukiri kwamba kuna lililorekebishwa. Tangu Julai 2020, Shirika la Bima ya Amana humkinga mwenye amana hadi shilingi 500,000, badala ya 100,000 za zamani. Lakini kinga hiyo ni ya mwenye amana, si ya kila akaunti aliyo nayo katika benki ile. Kikundi cha akina mama arobaini chenye akaunti moja ni mwenye amana mmoja tu. Wahazini wa makanisa, mnaoweka akiba ya ujenzi mwaka baada ya mwaka, litafakarini hilo kabla ya mkutano wenu ujao.

Na mzazi aliyelipa karo ya Kijerumani ya muhula mzima, kisha akaukuta mlango umefungwa? Yeye hana bima ya shilingi 500,000 wala ya shilingi tano.

Hamu ya lugha hii imezidi tangu Kenya na Ujerumani zilipotia sahihi mkataba wa ajira mjini Berlin, Septemba 2024. Hatuilaumu, kijana asiye na kazi ana haki ya kutafuta. Ila ajue kwamba cheti kinachotakiwa ni cha mtihani unaotambuliwa, kama ule wa Goethe-Institut. Cheti kilichopigwa chapa na chuo chenyewe, hata kiwe na lakiri nyekundu, hakishiki nafasi yake. Mama aliyeuza ng'ombe kulipa karo hustahili kuambiwa hivyo siku ya kwanza.

Sheria haikosekani. Sheria ya Mafunzo ya Ufundi ya mwaka 2013 yakataza kuendesha chuo cha mafunzo bila usajili na leseni. Ibara ya 46 ya Katiba yampa mnunuzi wa huduma haki ya kupata huduma bora, habari za kutosha na fidia ya hasara, hata kama mwuzaji ni mtu binafsi. Kinachokosekana ni msimamizi anayetoka ofisini na kutangaza alichokiona.

Wako watakaosema kwamba ukaguzi mkali utaviua vyuo vidogo. Sisi twaona kinyume: mwalimu hodari mwenye darasa moja ndiye anayeumizwa na tapeli mwenye bango kubwa.

Kwa hiyo twadai kila chuo kibandike mlangoni idadi ya wanafunzi wake waliofanya mtihani huo na waliofaulu, na karo ilipwe kwa mwezi, si kwa mwaka. Nayo Benki Kuu itangaze makosa ya benki wakati amana zingali salama. Ibara ya 35 yaturuhusu kuomba habari hizi kwa maandishi. Tuanze na vyuo vilivyo karibu nasi: barua ya ukurasa mmoja, tarehe, sahihi, na nakala ibaki katika ofisi ya kanisa.