Wito: Vyoo vya Stendi na Gati Visiwe Mzigo wa Ziwa Nyasa

Ndugu zangu wa Mbinga, wa Mbamba Bay, wa Liuli na wa Lituhi, na nyote mnaopita huku kwa basi au kwa meli, naomba tuzungumze habari ya choo. Najua si maongezi ya mezani. Lakini hakuna kati yetu ambaye hajawahi kushuka kwenye basi akiwa amebanwa, akaangaza macho kutafuta mlango ulioandikwa ME au KE, akatoa sarafu mfukoni na kuingia haraka. Tukishatoka, tunanawa na kusahau. Ninachoomba ni tusisahau upesi hivyo. Tujiulize kile tulichokiacha humo ndani kinakwenda wapi.

Naomba hivyo sasa kwa sababu watu wanaongezeka. Zamani safari ya kutoka Mbinga kushuka ziwani ilikuwa ya vumbi kiangazi na tope masika. Leo kuna lami kilomita 66 mpaka Mbamba Bay. Meli ya MV Mbeya II, iliyoanza kazi mwaka 2021, inabeba abiria 200 na tani 200 za mizigo, na mwaka 2024 ulianza ujenzi wa bandari mpya Mbamba Bay, ili mizigo ya ushoroba wa Mtwara ivuke kwenda Malawi. Haya tuliyalilia miaka mingi na tunayashukuru. Ila kila basi linaloegesha linashusha abiria hamsini, sitini kwa mpigo, na wote wanataka choo katika dakika kumi zile zile. Vyoo vipya vitajengwa, hapana budi. Na choo kikijengwa vibaya, kitaendelea kutumika hivyo hivyo kwa miaka ishirini.

Ziwa letu haliwezi kusubiri miaka ishirini. Nyasa lina kina cha mita 700 hivi, lakini maji yake hayana njia kubwa ya kutokea. Mto Shire peke yake ndio unaoyatoa, kule kusini Malawi, na sehemu kubwa ya maji yanayoingia hupotea kwa jua kuwa mvuke. Maji yakipaa, uchafu haupai nayo. Unabaki, unarutubisha mwani, na mwani ukizidi unakula hewa ya samaki. Wataalamu wanakadiria kwamba ziwa hili lina aina 700 hadi 1,000 za samaki, wengi wao hawapatikani popote pengine duniani. Baadhi ya mbuna, wale samaki wa rangi wanaokaa kwenye miamba, wanaishi kwenye mwamba mmoja au miwili tu. Mwamba huo ukifunikwa na utelezi, hawana kwao pengine.

Afya zetu nazo zimo humo. Kuanzia mwaka 2022 hadi 2023 majirani zetu wa Malawi walipigwa na mlipuko wa kipindupindu uliokuwa mbaya kuliko yote katika historia ya nchi yao, na zaidi ya watu 1,700 walifariki. Ni watu tunaochangia nao ziwa. Kichocho nacho kinahitaji mambo mawili tu ili kiendelee: mkojo au kinyesi chenye mayai kiyafikie maji, na konokono awepo. Konokono yupo. Mtoto anayeoga ufukweni au mama anayeosha vyombo anaupata ugonjwa kupitia ngozi, bila hata kunywa tone.

Sasa, kosa ninaloliogopa zaidi ni kuchora ramani moja ya choo na kuijenga kila mahali. Mbinga na Mbamba Bay ziko katika wilaya mbili zenye hali mbili. Mjini Mbinga tuko juu milimani, kuna baridi, udongo ni mzito, na uchafu huchelewa kuoza. Ufukweni kuna joto, tunakaribia usawa wa ziwa wenye mita 470 na kitu kutoka baharini, chini ni mchanga na maji yako karibu. Shimo la kawaida likichimbwa kwenye mchanga ule, masika maji yanapanda na kuingia shimoni, yakishuka yanaondoka na vilivyomo. Choo cha gatini lazima kiinuliwe juu ya ardhi, na tangi lake lijengwe kwa zege lisilovuja, kuta hadi chini kabisa. Isitoshe, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inataka mita 60 kutoka ukingo wa ziwa ziachwe bila shughuli za kudumu zinazoweza kuliharibu. Wanaochora majengo ya gati waanze kwa kupima mita hizo kwa futi kamba kabla ya kuchora kingine chochote.

Nije kwenye maji. Tuseme stendi inahudumia watu 500 kwa siku. Tangi la kuflashi la mtindo wa zamani linamwaga lita 9 kila likivutwa, mara nyingine zaidi. Hizo ni lita 4,500 kwa siku za maji safi ya bomba. Choo cha kuchuchumaa chenye sinki laini na mteremko mzuri kinatosheka na lita 2 za kopo, yaani lita 1,000. Tofauti ni ndoo 175 za lita 20, kila siku. Kwa hiyo mimi sioni aibu kutetea choo cha kuchuchumaa stendini: kinaokoa maji, ni rahisi kuosha, na wengi wetu tunakiamini kuliko kukalia alipokalia mgeni. Kibaki chumba kimoja cha kukaa kwa wazee, wajawazito na wenye ulemavu, kiwe na mkono wa kushikia na mlango unaopitisha kiti cha magurudumu. Pale palipo na matangi ya zamani, chupa ya lita moja na nusu iliyojazwa maji na kuzamishwa ndani ya tangi inaokoa lita moja na nusu kila linapovutwa, na haigharimu kitu.

Kisha tazameni sehemu ya kunawia. Mara nyingi utakuta ndoo imewekwa chini ya koki kukinga matone, imejaa pomoni inamwagika, na juu yake koki ingali inadondosha kwa sababu washa ya mpira imelika. Tone moja kila sekunde ni lita 20 hivi kwa siku. Washa inabadilishwa kwa bisibisi na spana katika muda mfupi kuliko wa kunywa chai. Maji ya kunawia yenyewe yakielekezwa kwenye pipa, yanafaa kabisa kumwagia choo.

Mvua pia tunayo. Umatengo, yaani huku kwetu milimani Mbinga, unapata zaidi ya milimita 1,000 kwa mwaka. Paa la choo na la jengo la kupumzikia likifikisha mita za mraba 100, maji yanayoliangukia kwa mwaka ni lita 100,000, na hata tukitoa yanayopotea, 80,000 zinaweza kukingwa kwa gata na kuingia kwenye simtanki. Hapa tusidanganyane: simtanki itafurika Februari na kukauka Agosti, wakati wa msimu wa kahawa, stendi ikiwa imejaa watu kuliko miezi mingine. Maji ya mvua yatatubeba masika. Kiangazi tutategemea kopo, pipa la maji ya kunawia na koki zisizovuja.

Na vilivyomo shimoni? Hapa watu wa Mbinga wana ujuzi ambao wageni hutoka mbali kuja kujifunza. Katika kilimo cha ngoro, yaani cha mashimo, mkulima hufyeka majani, akayapanga miraba miraba kwenye mteremko, akayafukia kwa udongo anaouchimba katikati, na shimo linalobaki likazuia maji yasiporomoshe ardhi. Majani yanaoza chini ya matuta na kulisha maharage, kisha mahindi. Watu waliolima hivyo kwa vizazi hawahitaji kuelezwa kwamba kilichooza vizuri ni mali.

Ningeanza na jambo dogo, mkojo wa wanaume. Sehemu ya kukojolea isiyotumia maji, yenye bomba linalokwenda kwenye tangi lililofungwa, haihitaji fundi wa ajabu. Wanaume 200 kwa siku wanajaza madumu matatu ya lita 20. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2006 unashauri mkojo uhifadhiwe umefungwa angalau miezi 6 kabla ya kutumika kwa mazao ya kila aina. Uchanganywe na maji, upelekwe kwenye mashina ya kahawa au ya miti ya mbao. Kinyesi ni kazi nyingine: mwongozo huo huo unataka kikae zaidi ya mwaka mmoja mahali pa joto, na hadi miaka 2 mahali pa baridi. Kwa stendi yenye watu wengi wanaotawaza kwa maji, ambao kesho hawatakuwapo, siamini choo kikavu, kinachohifadhi kinyesi bila maji, kitadumu. Mtambo wa kutengeneza gesi ya kupikia kutokana na kinyesi unafaa zaidi. Rwanda imeutumia kwenye magereza tangu miaka ya 2000 mwanzoni. Chuo cha KIST cha Kigali kilipata tuzo ya Ashden mwaka 2005 kwa kazi hiyo, iliyopunguza kuni za jikoni kwa karibu nusu. Kibera, Nairobi, shirika la Umande Trust limejenga vyoo vya umma vya namna hiyo, na majirani wanapikia gesi yake. Serikali yetu inataka asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ya kupikia ifikapo 2034. Mama lishe wa stendi, anayevuta moshi wa mkaa kuanzia alfajiri, yuko hatua chache kutoka kwenye choo hicho. Moto wa gesi hiyo haunuki choo; muulize yeyote aliyewahi kuupikia.

Lakini mtambo hufa kwa taka. Chupa, nepi na taulo za kike zikitupwa shimoni, bakteria wanaotengeneza gesi hawana la kufanya nazo. Dada zetu wawekewe pipa lenye kifuniko ndani ya kila chumba, si nje mbele ya wanaume. Na dawa kali za klorini zisimwagwe ovyo, maana zinaua hao hao bakteria wanaotufanyia kazi. Deki kwa sabuni na brashi inatosha siku nyingi.

Anayeyafanya haya yote ni mhudumu anayekaa mlangoni na kikopo cha sarafu. Apewe glavu, buti na chanjo, na sehemu ya mapato ya choo irudi kwenye choo. Tumsalimie, na anapotuambia tusitupe kitu shimoni, tumsikilize.

Kwenye mkutano ujao wa mtaa au wa kijiji, kabla halmashauri hazijafunga bajeti, simameni mumuulize diwani na mtendaji swali hili: shimo la choo cha stendi au cha gati likijaa, gari la majitaka linakwenda kumwaga wapi? Kama pana bwawa la kuyatibu, ombeni mpelekwe mkalione. Kama halipo, ombeni swali hilo na jina la atakayelifuatilia viandikwe kwenye muhtasari wa mkutano, msomewe kabla hamjatawanyika.