Daktari wa Nakivale apimwe kwa vitendo, si kwa dodoso

Daktari anayepangiwa makazi ya wakimbizi ya Nakivale, wilayani Isingiro, Uganda, atawatibu watu waliotoka Kongo, Burundi, Somalia na Rwanda, mara nyingi kupitia mkalimani. Vyeti havionyeshi kama atamsikiliza mama aliyekimbia vita huku foleni ikimsubiri mlangoni. Wanaotaka hulka ya daktari ipimwe kabla ya kuajiriwa wana hoja nzito, nami nawaunga mkono. Ninachopinga ni dodoso, lile ambalo mwombaji hujipa alama mwenyewe za uvumilivu na bidii.

Madodoso hayo hayakutungwa kwa kubahatisha. Nchini Ubelgiji, utafiti uliochapishwa mwaka 2009 uliwafuatilia wanafunzi wa udaktari na kuona kwamba kujituma kulitabiri ufaulu, tena zaidi katika miaka ya mwisho. Lakini mwaka 2019 watafiti waliochambua majibu ya watu zaidi ya 94,000 katika nchi 23 za kipato cha chini na cha kati waligundua kuwa maswali ya aina hiyo mara nyingi hayakupima tabia iliyokusudiwa, na sababu mojawapo ni watu kukubali tu wanachoulizwa. Ni kweli, hao walikuwa watu wa kawaida waliohojiwa ana kwa ana, si wahitimu wa udaktari wa Chuo Kikuu cha Mbarara. Ila mhitimu ana hatari yake: analijua jibu linalotakiwa, na ajira yake inalitegemea.

Watetezi wa dodoso hujibu kwamba karatasi haina ndugu wala haipokei rushwa. Hofu hiyo ni ya haki kabisa, na dawa yake ipo. Chuo Kikuu cha McMaster, Kanada, kilibuni usaili wa vituo vingi: mwombaji hupita chumba baada ya chumba kwa dakika chache, na kila msaili humpa alama zake peke yake. Ndugu mmoja hatoshi kumbeba mtu. Gharama ipo, lakini Mbarara ina walimu waliozoea kuwapima wanafunzi mbele ya wagonjwa. Katika chumba kimoja mwombaji amweleze mama anayezungumza Kiswahili, kupitia mkalimani, namna ya kumpa mtoto dawa ya malaria, kisha msaili atazame: anazungumza na mama au na mkalimani? Anahakikisha ameeleweka? Na mkalimani huyo atoke Nakivale, naye apewe fomu ya alama, kwa sababu hakuna msaili mwingine aliyewaona madaktari wengi kiasi hicho wakiwa kazini na wagonjwa hao.