Ukimya wa Diski si Uzima Wake

Mkulima wa Chiola, huko Nachingwea, akikuta kichuguu katikati ya shamba la ufuta halihami shamba zima. Hukizunguka, kisha huongeza mstari pembezoni ili mavuno yasipungue. Diski ngumu ya kompyuta nayo hufanya vivyo hivyo, ila kwa tofauti moja: mkulima hukiona kichuguu chake, lakini mwenye kompyuta haoni kitu. Hapo ndipo penye hatari, maana siku hizi alama za wanafunzi hutunzwa ndani ya diski hizo.

Uso wa diski hugawanywa katika vipande vidogo viitwavyo sekta. Kwa miaka mingi sekta moja ilichukua baiti 512. Katika diski nyingi za karibuni huchukua 4,096. Diski hutoka kiwandani na dosari zake. Katika miaka ya 1980 orodha ya mahali pabovu ilibandikwa juu ya kasha, na fundi aliiingiza kwa mkono. Leo diski yenyewe huitunza, pamoja na sekta za akiba.

Kila sekta huandikwa na tarakimu za ziada za kusahihishia makosa. Makosa yakiwa machache, husahihishwa kimyakimya. Yakizidi, diski hurudia kusoma mara nyingi, na kompyuta huonekana kuzubaa. Ikishindwa, huitia sekta hiyo alama ya shaka. Sekta itakapoandikwa upya hujaribiwa: ikikubali, hubaki kazini, kwani pengine umeme ulikatika wakati wa kuandika; ikikataa, anwani yake huhamishiwa sekta ya akiba. Tuangalie vema: kinachohamishwa ni anwani, wala si maandishi yaliyokwisha kupotea.

Kwa sababu hiyo, desturi ya kufomati diski yenye kasoro na kuirudishia kazi muhimu haifai. Uchunguzi wa kampuni ya Google uliochapishwa mwaka 2007, juu ya diski zaidi ya 100,000, ulionyesha kwamba diski iliyohamisha sekta kwa mara ya kwanza ilikuwa na uwezekano wa kuharibika ndani ya siku 60 uliozidi mara 14 ule wa diski isiyohamisha. Aidha, zaidi ya nusu ya diski zilizoharibika hazikutoa hata moja ya dalili nne kuu.

Watakuwapo watakaosema kwamba shule zetu hazina fedha za diski ya pili. Lakini alama za shule nzima huenea katika kifaa kidogo cha kuhifadhia, na daftari la karatasi halihitaji umeme. Basi, kila muhula isomwe hesabu ya sekta zilizohamishwa, ambayo diski huitunza yenyewe. Na kila juma itolewe nakala, itunzwe katika jengo jingine. Kazi hiyo wapewe wanafunzi wenyewe, iwe somo.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Diski huziba nyufa zake bila kutuambia. Ni juu yetu kuiuliza imeziba ngapi.