Neno la Mhariri: Taja Nakala Uliyoisoma

Anayeandika kuhusu Mtunya, njaa iliyoikumba Ugogo kati ya 1917 na 1920, hachelewi kukutana na takwimu hii: watu 30,000 walikufa kati ya wakazi 150,000. Takwimu hiyo imo katika ikisiri ya makala ya Gregory Maddox iliyochapishwa 1990 katika Journal of African History. Ikisiri inasomeka bure mtandaoni. Makala yenyewe, inayoeleza jinsi majeshi ya Wajerumani na ya Waingereza yalivyochukua wanaume, ng'ombe na chakula cha Ugogo hata nchi ikabaki mikono mitupu, mara nyingi haifunguki bila kulipia au bila chuo kuwa na kibali. Basi mwandishi husoma ikisiri, kisha tanbihi yake ikataja makala nzima, ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho. Takwimu ni ileile na rejea haina kosa hata la nukta, lakini msomaji amedanganywa: ameambiwa kwamba hoja imepimwa, kumbe imedokolewa tu.

Toleo hili linahusu historia ya uwanda wa kati, na makala zake nyingi zimeandikwa kwa msaada mkubwa wa mtandao. Hilo halitusumbui. Kinachotusumbua ni tabia ya kuuficha mtandao kwenye marejeo, kana kwamba ni aibu kusema kitabu kilisomwa kwenye simu. Msimamo wetu ni mmoja: mwanahistoria ataje nakala aliyoisoma, mahali alipoisoma, na kiasi alichokisoma.

Wapo walimu wanaowakataza wanafunzi kutumia mtandao kabisa. Katazo hilo limepitwa na wakati. Majalada ya Ofisi ya Makoloni ya Ujerumani, fungu R 1001 la Bundesarchiv, zamani yalimtaka mtafiti afunge safari ya Berlin. Sasa yamepigwa picha na kuwekwa mtandaoni, na mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dodoma anaweza kuyafungua akiwa bwenini. Kumkataza ni kuirudisha historia yetu mikononi mwa wenye nauli. La haki ni kumfundisha aandike namba ya fungu, namba ya jalada na namba ya karatasi, kisha aseme wazi kwamba alisoma picha za mtandaoni. Picha huweza kuruka ukurasa au kukata maandishi ya pembeni, na atakayefuata anahitaji kujua hilo.

Ugumu huzidi pale kazi moja inapokuwa na sura zaidi ya moja. Mathias Mnyampala alitoa Historia, Mila na Desturi za Wagogo wa Tanganyika mwaka 1954, kwa Kiswahili. Mwaka 1995 ikatoka tafsiri ya Kiingereza iliyoandaliwa na Maddox, ikiwa na utangulizi na maelezo yake. Mwandishi aliyeona kurasa chache za tafsiri hiyo mtandaoni, akazirudisha katika Kiswahili chake mwenyewe, akazitia katika alama za kunukuu na kutaja chapa ya 1954, amemsemesha Mnyampala maneno ambayo hakuyaandika, tena katika lugha aliyoiandikia. Angetaja tafsiri tu, asingepungukiwa na chochote.

Kisha kuna kurasa zinazotoweka. Utafiti wa Pew Research Center wa Marekani, uliotolewa 2024, ulikuta kwamba asilimia 38 ya kurasa za mtandao zilizokuwepo 2013 hazipatikani tena muongo mmoja baadaye. Kwetu sababu ni nyingi: wizara huunganishwa na kutenganishwa, nazo tovuti zikahama, mwenye blogu huacha kulipia, sheria nazo hubadilika. Kanuni za maudhui mtandaoni za 2018 zilipowataka wenye blogu na majukwaa wawe na leseni ya kulipia, baadhi waliacha kuchapisha, na JamiiForums yenyewe ilisimamisha huduma kwa muda mwezi Juni mwaka huo. Atakayetaka kuandika siasa za Tanzania za miaka ya 2000 na 2010 atazihitaji kurasa hizo kama tunavyoyahitaji leo magazeti ya wakati wa ukoloni. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Dawa ya kwanza ni kutoitegemea anwani peke yake. Majadiliano ya Bunge, yanayorekodiwa hapahapa Dodoma, yana utambulisho wake: mkutano wa ngapi, kikao cha ngapi, tarehe gani. Mwenye kuyaandika hayo yote anafuatika hata tovuti ya Bunge ikijengwa upya kesho. Aliyebandika anwani ndefu tu ameacha tanbihi itakayokufa siku anwani itakapobadilika. Dawa ya pili ni kuhifadhi nakala. Wayback Machine ya Internet Archive hupokea kurasa nyingi zilizo wazi na kuzipa anwani zenye tarehe. Hata huko kusiwe tegemeo pekee: Oktoba 2024 hifadhi hiyo ilishambuliwa na wadukuzi ikazimika kwa siku kadhaa. Mwandishi abaki na nakala yake pia.

Lakini hata tanbihi iliyo kamili haitoshi kama chanzo kimechaguliwa kwa sababu tu kilikuwa karibu. Kinachopatikana bure kuhusu Ugogo ni hasa vitabu ambavyo hakimiliki yake imekwisha: Burton wa 1860, Stanley wa 1872, Cameron wa 1877. Wote watatu walikuwa wapita njia, na malalamiko yao makubwa yalikuwa hongo, yaani ushuru wa kupita, waliyotozwa na watemi wa Kigogo. Mwanafunzi asiyetoka nje ya mtandao ataandika historia ya Wagogo kwa macho ya msafara uliokasirishwa na ushuru. Vitabu vya wilaya na majalada ya serikali yamo Kumbukumbu za Taifa, na wazee wangali vijijini. Hata utafutaji wenyewe una mitego: anayeandika "Mpwapwa" peke yake atazikosa nyaraka za Wajerumani walioandika "Mpapua". Lara Putnam alionya mwaka 2016, katika American Historical Review, kwamba utafutaji wa maneno humfikisha mtafiti kwenye sentensi bila kumpitisha kwenye mazingira yake. Onyo hilo linatuhusu.

Kwa hiyo, kuanzia toleo lijalo, kila rejea ya mtandaoni iwe na mambo manne: utambulisho kamili wa waraka wenyewe, mahali uliposomwa, tarehe ya kuusoma, na anwani ya nakala iliyohifadhiwa pale inapowezekana. Aliyesoma ikisiri aseme ikisiri. Aliyesoma tafsiri aseme tafsiri. Aliyenukuu kupitia kwa mwingine amtaje huyo mwingine. Hatutamhukumu mwandishi kwa kusoma mtandaoni. Makala itakayoficha njia yake tutairudisha kwa mwenyewe kabla haijafika kwa wapitiaji.